Kocha Akifungashiwa Virago, Klabu Ibaki na Nini? Mwongozo kwa Viongozi

Timu ikipoteza mechi tatu mfululizo, mjadala wa vijiweni ni uleule: kocha atimuliwe au avumiliwe? Kwa kiongozi wa klabu hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani anayetunza akili ya klabu kocha akiwa hayupo.

Tazama Yanga. Walitwaa ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara misimu minne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25, huku benchi likipitiwa na Nasreddine Nabi, Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi. Straika Fiston Mayele aliondoka 2023, washambuliaji wengine wakaja. Uti wa mgongo haukuguswa: Djigui Diarra golini, Dickson Job na Bakari Mwamnyeto nyuma, Khalid Aucho katikati. Manchester United nao walimvumilia Alex Ferguson tangu Novemba 1986 mpaka Kombe la FA la 1990, msimu ambao kwenye ligi walimaliza wa 13. Uvumilivu ule ulilipa sana. Ila mwaka 2013 Ferguson na mtendaji mkuu David Gill waliachia ngazi wakati mmoja, na ujuzi wa robo karne ukaondoka nao. Kumvumilia mtu mmoja si sawa na kujenga klabu.

Anzeni na karatasi mbili

Andikeni namna timu yenu inavyocheza, isizidi kurasa mbili, na isainiwe na bodi. "Tuupige mwingi" si falsafa, kwa sababu hakuna anayeweza kuipima. Andikeni mnaanza kukaba wapi, mpira ukinaswa unapelekwa wapi kwanza, fulbeki anapanda au anabaki, na mvua zikiharibu viwanja vya mikoani mnabadili nini. Kisha kila nafasi ipewe sifa zake. Mfano, beki wa kushoto: anatumia mguu wa kushoto, msimu uliopita amecheza dakika zisizopungua 1,500, anapiga krosi akiwa mbioni, na dakika ya 80 bado anarudi. Kocha mtarajiwa asomewe karatasi hizo kabla hamjagusa suala la mshahara. Asipozikubali, mtafuteni mwingine.

Jedwali la kikosi

Hapa ndipo klabu nyingi zinapofia. Fungueni jedwali lenye wachezaji 25 na safu hizi: umri, nafasi, tarehe ya mwisho wa mkataba, mshahara, mbadala aliyepo ndani, mbadala anayefuatiliwa nje. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini kwingine mkataba wake ukibaki miezi sita, kwa hiyo uamuzi wa kumwongezea au kumuuza ufanyike ukiwa umebaki mwaka mzima. Mikataba inayoisha msimu mmoja isizidi minane. Kila mwaka ingizeni wanne au watano, si kumi na wawili.

Sasa piga hesabu ya kocha mpya anayetaka kufagia. Tuseme anakataa wachezaji sita, kila mmoja analipwa shilingi milioni 3 kwa mwezi na amebakiza miezi 18. Hiyo ni milioni 54 kwa mtu mmoja, milioni 324 kwa wote sita, kabla hamjasajili hata mmoja wa kuziba mapengo. Mwakani kocha huyo akiondoka, anayefuata anakuja na sita wake.

Dawa ni hii: orodha ya usajili inaandaliwa na mkurugenzi wa ufundi na skauti wake, wachezaji watatu kwa kila nafasi. Kocha anachagua kati ya hao, na ana haki ya kukataa. Hana haki ya kuleta mchezaji peke yake. Mfadhili naye vivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu kinachoharibu kikosi mara nyingi ni video ya dakika tano aliyotumiwa na wakala saa nne usiku.

Mkataba wa kocha

Miaka miwili inatosha. Fidia ya kuvunja mkataba iandikwe kwa tarakimu, kwa mfano mishahara ya miezi mitatu, badala ya "watakavyokubaliana". Tangu Januari 2021 FIFA ina kanuni zinazolinda mikataba ya makocha, na klabu isiyolipa baada ya hukumu inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Deni la kocha aliyeondoka zamani linaweza kumkosesha straika kocha mliye naye leo.

Kocha wa makipa, kocha wa viungo, daktari na mchambuzi wa video wawe waajiriwa wa klabu. Kocha mkuu alete wasaidizi wawili, basi. Video, takwimu za mazoezi na kumbukumbu za majeraha zikae kwenye diski ya klabu, si kwenye kompyuta ya mtu. Vinginevyo kocha mpya hatajua kwamba winga wake alishachanika msuli wa paja mara mbili, atamkimbiza kama wengine, na atampoteza wiki ya kwanza.

Lini kumtimua

Msitazame matokeo ya mechi tatu. Chukueni mechi kumi, hesabuni mashuti yaliyopigwa ndani ya boksi, yenu na ya wapinzani. Mkiwa na 90 dhidi ya 60 na bado mnapoteza, tatizo ni umaliziaji au bahati, na yote mawili hubadilika. Timu ya namna hiyo ikipata kocha mpya itashinda, sifa zitaenda kwake, wakati ingeshinda hata na yule wa zamani. Mkiwa na 60 dhidi ya 90, na mechi kumi zilizotangulia zilikuwa hivyohivyo, basi muda wake umekwisha. Fanyeni haraka kabla dirisha halijafungwa.

Kubadili katikati ya msimu si dhambi. Chelsea walimpa timu Roberto Di Matteo Machi 2012 na Thomas Tuchel Januari 2021, na mara zote mbili msimu uleule wakachukua Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kikosi kilikuwa tayari kizuri. Septemba 2022 wakamchukua Graham Potter kutoka Brighton. Brighton wakamweka Roberto De Zerbi na kumaliza wa 6. Chelsea walimfukuza Potter Aprili 2023 na kumaliza wa 12. Kocha alihama, akili ya klabu ikabaki Brighton.

Vijana

Hapa ni makaratasi zaidi kuliko vipaji. Mchezaji akihamia nchi nyingine kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu hadi wa miaka 15, kisha 0.5 kwa kila msimu kuanzia wa 16. Aliyekaa kwenu misimu minne, wa miaka 16 hadi wa 19, akiuzwa dola 500,000, nyinyi mna dola 10,000. Kama hakusajiliwa kwenye mfumo wa shirikisho mwaka ule, hamna cha kudai. Kazi hiyo apewe katibu, si kocha wa vijana.

Siku za mwanzo za kocha mpya

Akabidhiwe jedwali, karatasi mbili, ripoti ya daktari na video za mechi kumi za mwisho kabla ya mazoezi ya kwanza. Asiruhusiwe kupendekeza wa kuachwa hadi wiki ya nane. Kikao chake na mkurugenzi wa ufundi kiwe kila Jumatatu, dakika 40, na muhtasari uandikwe na kutunzwa ofisini.