Jinsi ya kurudia kitabu cha poka mpaka kikuingie, hatua kwa hatua

Mwezi uliopita mdogo wangu alinifata hapa Sinza na kitabu cha mbinu za poka nilichomwazima, akasema kaka nimekimaliza nipe kingine. Nikamuuliza kitu kimoja cha katikati ya kitabu, hesabu ndogo tu, akakwama. Sikumlaumu maana hata mimi nilishamaliza vitabu vinne na mchezo wangu ukabaki uleule. Tukakaa jioni kama sita hivi tukaanza kukirudia kilekile, na huu ndo utaratibu tunaoufata. Nachukulia Hold'em, aina ya poka tunayocheza, unaijua tayari, karata mbili mkononi, tano mezani: flopu (tatu za kwanza), teni (ya nne), riva (ya tano).

Hatua ya 1: Chagua kitabu kimoja

Kimoja tu, na kiwe cha karatasi. Wapo wanaosoma kwenye simu lakini mimi siungi mkono kabisa, unafika katikati ya hesabu meseji ya WhatsApp inaingia, ukirudi umeshasahau poti (chipu zilizokwishawekwa mezani) ilikuwa na ngapi.

Angalia kimeandikwa lini na kwa mchezo gani. Vitabu vingi vya zamani vinafundisha poka ya dau lenye kiwango maalumu, wakati siku hizi wengi tunacheza dau huru, unaweza kusukuma chipu zako zote muda wowote. Dau huru lilishika kasi sana baada ya 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyepata nafasi yake kwa kucheza mtandaoni, alipochukua ubingwa wa dunia Las Vegas. Kitabu cha zamani sio kibaya, ila usibebe namba zake kichwakichwa.

Hatua ya 2: Kisome chote haraka, bila kalamu

Siku nne tano zinatosha, hata kwenye foleni ya Mwenge. Usipige mstari popote. Saa hizi bado hujui nini muhimu kwako, utapiga mistari kwenye sentensi zilizoandikwa vizuri na kuacha zile zinazokuhusu.

Hatua ya 3: Cheza, andika

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili. Sisi tunachezea kete za bao, hakuna hela mezani, na nashauri ufanye hivyohivyo wakati unajifunza. Kila mkono (mzunguko mmoja wa mchezo) uliokusumbua andika karata zako, poti ilikuwa na ngapi, mwenzako aliweka dau gani, ulifanya nini na KWA NINI. Hiyo kwa nini iandike usiku huohuo, kesho utajitungia sababu nzuri zaidi. Ukifikisha mikono thelathini rudi kwenye kitabu.

Hatua ya 4: Rudia kitabu ukiwa na daftari pembeni

Hapa ndo nilipotea mimi, kwa hiyo nitaenda polepole.

Sura ya hesabu za poti nilikuwa nimeisoma mara mbili, naamini naijua. Njia ya mkato inafahamika: hesabu karata zinazoweza kukuokoa, ukiwa kwenye flopu zidisha mara 4, ukiwa teni zidisha mara 2, unapata asilimia za kukamilisha. Una kopa mbili mkononi na mbili ziko mezani, unatafuta ya tano, zimebaki kopa 9, mara 4 ni 36, hesabu kamili ni kama 35. Safi. Sasa poti ina 600, mwenzako anaweka 300, poti inakuwa 900. Unalipa 300 kwenye jumla ya 1,200, kwa hiyo unahitaji asilimia 25. Una 35, unakoli, yaani unalipa uendelee. Nilikoli hivyo miezi na miezi, chipu zinaisha, nikawa nalaumu bahati.

Mara ya tatu ndo nikasoma na daftari. Nikachukua mikono yangu kumi na moja ya aina hiyo nikaipitisha kwenye ukurasa mstari kwa mstari, ikanichukua jioni nzima mpaka umeme ukakatika nikamalizia kwa tochi ya simu. Kumbe kulikuwa na sentensi fupi, nilishaipita mara mbili: mara 4 ni pale ambapo utaziona karata ZOTE MBILI bila kulipa tena, mfano mmoja wenu ameshaweka chipu zake zote. Kama kwenye teni atakuja na dau lingine, ile 300 imekununulia karata moja tu. Umeshaona karata 5, zimebaki 47, kopa ni 9, yaani asilimia 19. Unahitaji 25, una 19, unapoteza.

Lakini usikimbilie kufoldi (kutupa karata zako) kila mara, dogo naye alidakia hapohapo akaanza kufoldi kila kitu. Yapo mambo mawili ya kuangalia:

- Kopa ikitua, bado atakulipa? Kwa mfano huu unahitaji kuvuna kama 370 zaidi kwa wastani kila unapokamilisha ndo ufikie kutopata hasara. Kama ni mtu wa kukimbia akiona kopa ya tatu mezani, foldi. Kama ana 3,000 na ni mtu wa kung'ang'ania, koli.
- Kopa zote 9 ni zako kweli? Kama kuna mwenye kopa kubwa kuliko zako, karata unayoiita mkombozi ndo inakumaliza. Pia kopa inayofanya mezani kuwe na karata mbili za namba moja inaweza kumpa mwenzako fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine), inayoshinda kopa zako tano.

Fanya hivi kwa karata halisi mezani, penseli mkononi. Zipo programu za kukokotoa, nzuri tu, ila kwa marudio haya ziache, zitakupa jibu kabla hujaona ulikosea wapi.

Kwenye kitabu, pembeni ya kila aya iliyogusa mkono wako andika namba ya ule mkono. Hiyo ndo mistari yako. Sura isiyo na namba hata moja ama hujacheza vya kutosha ama haikuhusu kwa sasa, iruke.

Hatua ya 5: Funga kitabu umweleze mtu

Kwa Kiswahili, bila kuangalia. Ukianza kusema "yaani ile kitu" ujue bado, rudi kwenye ukurasa.

Hatua ya 6: Marudio ya mwisho, kaa upande wa mwenzako

Chukua mikono ileile usome ukijiuliza yeye anaweza kuwa na nini. Esi mbili zinapatikana kwa njia 6, Esi na Kingi kwa njia 16. Ukiwa wewe umeshika Esi moja, zake mbili zinashuka mpaka njia 3, Esi na Kingi zinabaki 12. Kila sura inayosema "mpinzani ana mkono mkubwa" hesabu hivyo kwanza, hofu nyingi zitapungua.

Kipindi hiki dogo yupo hatua ya nne, sura ya kudanganyia dau, ameshaandika namba saba pembeni. Kitabu kingine bado nimekiweka kabatini.