Kuongea na wanaume kijiweni kuhusu ukatili wa kijinsia

Mimi ni kinyozi hapa Uyole, Mbeya, na saluni ndiyo mkutano wangu. Usiwaite wanaume semina, wafuate walipo: kijiwe cha bodaboda, soko la viazi, kilabuni. Kilabuni nenda mapema, kabla komoni haijapanda kichwani.

Usianze na sheria. Uliza, "Wazee, viazi vikishauzwa, kwenu pesa anaipanga nani?" Ugomvi mwingi ninaousikia kitini huanzia hapo, na kila mmoja ana jirani wa kumsimulia. Waache waseme. Akitokea wa kudai mke asipopigwa hasikii, usimjibu wewe. Mgeukie mwenzake anayeheshimika, umuulize yeye anaonaje. Nyamaza kabisa hapo, hata kama ulimi unawasha.

Vijana wa sekondari wape la kufanya: mwenzao akimng'ang'ania binti njiani, wamvute pembeni kwa utani, "Mwanangu, twende zetu."

Halafu wajue pa kwenda: polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto; na kwa mtoto anayefanyiwa ukatili, piga namba 116, bure. Aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU, na wazee wa ukoo wasikae kujadili mbuzi wa fidia wakati saa hizo zinakatika.