Tenga ujira wa siku 3 kwa ajili ya siku mtoto akiumwa

Mama unayelipwa kwa siku, weka kando pesa zinazolingana na ujira wako wa siku 3, na uzipe kazi moja tu: kukuwezesha kubaki nyumbani mtoto akiugua. Mimi nilizikusanya kwa kukata kidogo kila nilipolipwa, kabla sijanunua chochote. Zinasaidia kwa sababu uamuzi huu hukukuta alfajiri: umemgusa paji la uso, linachoma, na papo hapo unaanza kupiga hesabu ya hela utakayokosa leo. Ndipo wengi wetu tunamvalisha sare na kumpeleka shule na homa yake. Hesabu ikiwa imeshamalizwa mapema, kinachobaki ni kumwangalia mtoto. Usiziweke pamoja na pesa za matumizi, zitayeyuka bila wewe kujua. Ukizigusa, anza kuzijaza upya malipo yanayofuata. Kama una deni linalozaa riba kila wiki, lipa hilo kwanza. Na kwa mtoto mwenye maradhi ya kudumu siku 3 hazitoshi kabisa. Huyo tafuta bima, na zungumza na mwajiri mapema.