Namna ya Kulinganisha Santuri na Diski za SACD katika Muziki wa Klasiki

Mabishano juu ya santuri na diski za dijitali za kiwango cha juu hayaishi kwa sababu wanaobishana aghalabu hawajasikiliza kitu kimoja. Mmoja ana santuri iliyochapwa mwaka 1959, mwenzake ana diski iliyotayarishwa miaka 45 baadaye na fundi mwingine, kutoka katika kanda iliyokwisha kuchakaa, na kila tofauti wanayoisikia wanaitwika teknolojia. Ukitaka kujua chombo chenyewe kinaifanya nini sauti ya okestra, huna budi kwanza kuyaondoa yote yasiyo ya chombo, na hiyo ndiyo kazi kubwa. Kusikiliza kwenyewe ni sehemu fupi.

Kwa takwimu peke yake shindano lingekuwa limekwisha kabla ya kuanza. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, ambayo Columbia ya Marekani iliileta sokoni mwaka 1948, hubeba tofauti ya takribani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 hadi 70 kati ya sauti yake kubwa kabisa na mvumo wa mfuo, yaani ule mtaro mwembamba ambamo sindano hupita. CD hufikia 96. SACD (Super Audio CD), diski ya dijitali ya kiwango cha juu iliyobuniwa na Sony pamoja na Philips na kutolewa mwaka 1999, huipima sauti kwa sampuli za biti moja mara milioni 2.8224 kwa sekunde, yaani mara 64 ya CD, na hufikia takribani desibeli 120 katika masafa ambayo sikio la mtu husikia. Hata hivyo, kanda ya analogi ya miaka ya 1950 haikuzidi sana desibeli 70, kwa hiyo rekodi ya wakati ule haiwezi kuijaza nafasi ambayo SACD inaitoa. Hapo ndipo ulinganishaji unapoanza kuwa na maana.

Anza kwa kuchagua jozi ya haki, yaani rekodi ileile, iliyotoka katika kanda ileile, na ikiwezekana iliyotayarishwa na fundi yuleyule kwa santuri na kwa diski. Jozi nzuri kuliko zote ninazozijua ni opera nne za Wagner zilizorekodiwa na kampuni ya Decca katika ukumbi wa Sofiensaal, Vienna, chini ya uongozi wa Georg Solti, kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Decca ilipozitoa upya kuanzia mwaka 2022, ilizihamisha kanda za asili kwenda dijitali kwa biti 24 na kilohezi 192, kisha ikatumia kazi hiyohiyo kutengeneza santuri na SACD. Anayependa seti ndogo zaidi atafute rekodi ya Fritz Reiner na okestra ya Chicago ya mwaka 1954, Also sprach Zarathustra ya Richard Strauss, ambayo nayo ipo katika SACD na katika santuri mpya, ingawa matoleo hayo mawili yametayarishwa na watu tofauti na hilo lazima ulikumbuke unapotoa hukumu. Jihadhari pia na santuri za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu nyingi kati yake zilirekodiwa kwa dijitali tangu mwanzo. Mtu anayezisifu kwa sababu ni za analogi anasifu mfuo tu, si rekodi.

Kisha itayarishe mashine ya santuri. Safisha santuri kwa maji yaliyochemshwa na kutoneshwa na kwa brashi laini, futa sindano kutoka nyuma kuelekea mbele, na upime kwa mizani yake uzito ambao sindano huikandamiza santuri, badala ya kuamini namba zilizochorwa kwenye mkono unaoishika sindano. Sindano iliyopachikwa upande, hata kwa pembe ndogo, itaharibu sauti ya fidla na waimbaji wa sauti ya juu kabla ya kuharibu kitu kingine chochote. Kasi nayo ikaguliwe. Mashine kuukuu zilizoletwa kutoka Marekani, zile ambazo mota yake hufuata mzunguko wa umeme, zilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60, na zikiunganishwa na umeme wetu wa hezi 50 huzunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake, hata kama umetumia transfoma kushusha volti. Muziki wote hushuka kwa toni moja na nusu, na hakuna ulinganishaji unaoweza kufanyika hapo.

Jambo jingine ni kikuza sauti cha sindano. Wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa na sauti za juu hupandishwa kwa kanuni ya RIAA, chama cha makampuni ya rekodi ya Marekani, ya mwaka 1954, na kikuza sauti hicho kina kazi ya kuzirudisha. Kikikosea hata kwa desibeli moja katika upana mkubwa wa masafa, nyuzi za okestra zitasikika laini au kali kuliko zilivyo, na msikilizaji ataamini kwamba amegundua tabia ya santuri kumbe amegundua tabia ya kifaa.

Sasa linganisha ukubwa wa sauti. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo inayobatilisha hukumu nyingi kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa sauti iliyozidi nyenzake kwa nusu desibeli haisikiki kuwa kubwa zaidi bali husikika kuwa bora zaidi. Rekodi dakika moja ya kipande kilekile kutoka katika vyombo vyote viwili kwenye kompyuta, kwa programu ya bure kama Audacity, soma wastani wa ukubwa wa kila kimoja, kisha rekebisha hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.2. Programu ya simu ya kupima kelele itakusogeza karibu, lakini haitakufikisha hapo. Hakikisha pia kwamba mashine ya SACD inapiga sehemu ya stereo, si ile ya njia nyingi (kwa spika zaidi ya mbili).

Vipande vya kusikiliza vichaguliwe kwa sababu maalumu. Noti ndefu za piano au za oboe hufichua santuri ambayo tundu lake halipo katikati, kwa kuwa sauti huyumba kila mzunguko. Mwanzo wa Zarathustra, ambapo kinanda cha kanisa na besi hushikilia noti moja ya chini kwa muda mrefu, hufichua mngurumo wa mashine. Mtihani mgumu kupita yote uko mwishoni mwa upande wa santuri. Ukingoni mwa nje mfuo hupita chini ya sindano kwa takribani sentimita 51 kwa sekunde, lakini karibu na lebo hubaki takribani 21, na mawimbi ya sauti za juu hubanana hadi sindano inashindwa kuyafuata vizuri. Boléro ya Ravel huanza kwa ngoma ya kunong'ona na kumalizia kwa okestra nzima kupiga kwa nguvu zote, maana yake kishindo chake huangukia mahali ambapo santuri ni dhaifu kuliko kwingine.

Mwombe mtu mwingine abadilishe vyombo bila kukuambia, nawe uandike jibu kabla ya kuuliza. Kwa bahati mbaya mikwaruzo ya santuri itakuambia mara moja unasikiliza nini. Njia ya kulikwepa tatizo hilo ni kuirekodi santuri yenyewe kwa biti 24 na kilohezi 96, kisha kulinganisha nakala hiyo na santuri inapopigwa, kwa ukubwa uleule wa sauti. Ukishindwa kuzitofautisha, basi ule uvuguvugu wa sauti ya santuri unaoupenda unabebwa bila shida na dijitali: umetoka kwenye santuri, sindano na kikuza sauti, wala haukupotezwa na diski.

Jaribio la mwisho lifanyike ndani ya diski yenyewe, kwa kulinganisha tabaka lake la SACD na lile la CD, kwa kuwa SACD nyingi za klasiki zina tabaka la pili la CD ya kawaida. Mwaka 2007 watafiti Brad Meyer na David Moran walichapisha majaribio 554 ambamo sauti ya diski za kiwango cha juu ilipitishwa, bila wasikilizaji kujua, katika kifaa cha kuishusha hadi kiwango cha CD. Majibu sahihi yalikuwa 276, sawa na kurusha sarafu. Lakini waandishi hao walikiri kwamba diski hizo kwa jumla zilisikika vizuri kuliko CD nyingi, wakasema sababu ni uangalifu wa mafundi waliozitayarisha. Kabla ya kulijaribu hilo nyumbani, pima upya ukubwa wa sauti, kwa maana tabaka hizo mbili mara nyingi hazitoki kwa kiwango kimoja, na katika baadhi ya diski tabaka la CD limetayarishwa peke yake.