Kutafuta kazi Dar wakati usafiri wako ni daladala tu

Hii nawaandikia wa Chanika, Kivule, Msongola, Mbagala ya ndani huko, Bunju, Kigamboni ya mbali, yaani wale ambao kutoka nyumbani mpaka lami tu ni bajaji au bodaboda, afu ndo unaanza kugombania gari. Ushauri mwingi wa kutafuta kazi unaandikwa na watu wenye gari au wanaokaa Sinza, wanakwambia zunguka maofisini, peleka sivii kila mahali, usichague kazi. Sasa we ukizunguka kila mahali hela inaisha wiki ya kwanza. Kwahiyo mi nasema anza na ruti, kazi baadae. Gari zinazopita kwenye kituo chako ndo zinakwambia utafute wapi.

Chukua karatasi andika magari yote yanayofika kituo chako kikubwa cha karibu na mwisho wake ni wapi. Mtu wa Kivule kwa mfano kituo chake ni Banana, na pale Banana ana barabara ya Nyerere yote, kwahiyo Kipawa, Airport, Vingunguti, Tazara, Veta mpaka Kariakoo anafika kwa gari moja tu. Na hiyo barabara ni viwanda na magodauni matupu, bado wakala wa mizigo kule Airport, bado showroom na gereji. Afu kuna magari ya Makumbusho na Simu 2000, hayo yakikatiza Mandela yanakupa Buguruni, Tabata, External, na pale Mabibo External kuna EPZ, lile eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje ya nchi, ambalo lina viwanda vya nguo vinavyochukua watu wengi wa kushona na kupaki. Mtu huyu ana sehemu kibao za kuomba kabla hajafikiria Masaki au Mbezi Beach. Masaki ataomba, ila mwishoni na kwa mshahara unaoeleweka.

Kwanini nakazania hivyo, piga hesabu. Sema kazi ya mbali inalipa 250,000, unapanda bajaji ya 500, daladala ya 700, unaunganisha nyingine ya 700. Hiyo 1,900 kwenda tu, kwenda na kurudi 3,800, kwa siku 26 za kazi ni 98,800. Unabaki na 151,200. Kazi ya karibu inalipa 230,000, bajaji ile ile ya 500 na gari moja tu ya 700, kwa mwezi nauli 62,400, unabaki na 167,600 na unalala masaa mawili zaidi. Weka nauli zako halisi za huko kwenu, ila fanya hiyo hesabu KABLA hujaomba sio baada ya kusaini. Na chai ya asubuhi uiweke humo humo maana ukitoka kwako saa kumi na moja alfajiri hujanywa kitu, utanunua tu.

Kingine watu hawakifanyi na ni bure kabisa. Amka mapema siku mbili tatu nenda kasimame barabarani kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja asubuhi uangalie mabasi ya wafanyakazi. Viwanda na makampuni kadhaa yana kosta zao au wanakodi, zinaokota watu vituoni. Angalia watu waliovaa sare wamesimama kwa kikundi, wasalimie vizuri, waulize kaka samahani, nyie mnafanya kazi wapi na gari inawachukulia hapa kila siku? Kampuni ambayo gari lake tayari linapita kwenu ndo ya kwanza kupelekewa barua, kwasababu tatizo lako la usafiri wenyewe wameshalitatua. Tena hao hao watakwambia kama wanachukua watu sasa hivi na jina la msimamizi wa vibarua. Konda na madereva pia wanajua sana, wao ndo wanaona getini kwa nani watu wamejaa asubuhi.

Siku ya kuzunguka sasa. Usitoke kwa ajili ya sehemu moja, unless umeitwa. Panga barabara moja siku moja, panda mpaka sehemu ya mbali kabisa kwenye ruti afu rudi kwa mguu geti kwa geti kuelekea kwenu, kwahiyo ukichoka upo karibu na nyumbani na nauli imebaki moja. Toka mapema ila sio ile saa ya kugombania, viwanda vya vibarua wanachagua watu alfajiri hiyo sawa inabidi uwepo, lakini ofisi ya kawaida ukifika saa nne eichiaa (yule anayeshughulikia ajira za wafanyakazi) ameshakunywa chai na daladala ulipanda umekaa. Mlinzi wa getini mheshimu, shikamoo yake mpe kama ni mtu mzima, muulize barua zinapokelewa siku gani. Akikwambia Jumanne tu ameshakuokolea nauli.

Na vitu vya kutuma kwa simu tuma kwa simu. Kazi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinaombwa mtandaoni kwenye tovuti yao ya Ajira Portal, hamna haja ya kupeleka bahasha mkononi popote. TaESA, yaani wakala wa serikali wa huduma za ajira, nao wana usajili wa watafuta kazi mtandaoni. Skani vyeti mara moja stesheneri, vile vyenye muhuri wa wakili, namba ya NIDA iweke karibu, hifadhi zote kwenye emaili yako kama pdf, sio picha ya vyeti juu ya godoro jamani. Ukishakuwa nazo hizo, bando la wiki linafanya kazi ya nauli ya mwezi. Na mtu akikupigia njoo usaili sehemu usiyoijua njoo na hela ya fomu au ya sare, usipande gari. Tafuta namba ya kampuni yenyewe upige uulize kwanza.

Ukiitwa intavyuu, usiseme tu sawa bosi nitakuja. Uliza kwa adabu kama kuna nafasi ya saa nne au saa tano, wengi wanakubali, hawajui tu kwamba saa mbili kwako maana yake ni saa kumi alfajiri. Halafu kajaribu njia siku moja kabla, siku ya kazi, saa ile ile. Jumapili haikwambii chochote. Kama hela ya kujaribu hamna, ulizia mtu anayepita huko kila siku. Wa Kigamboni jiachie muda wa kivuko au zungukia darajani kama gari ipo. Kipindi cha masika kama unapitia barabara ya Morogoro kumbuka Jangwani, maji yakijaa pale panafungwa na mwendokasi nao wanasimama, kwahiyo mvua ikipiga usiku kucha we badili njia mapema usisubiri taarifa.

Mavazi nayo ni usafiri. Shati usilivae kwenye gari la kubanana, likunje vizuri weka kwenye begi, vaa tisheti na raba au kandambili, viatu kwenye mfuko, vyeti kwenye bahasha ya plastiki. Shuka kituo kimoja kabla, ingia sheli omba choo, nawa uso, badilisha. Dada zangu kama kuna kipande cha bodaboda beba kanga au vaa suruali ndani. Utaingia umekauka kama aliyeshuka kwenye gari yake.

Ukikwama foleni, tuma meseji kabla saa yako haijafika, sio baada. Andika hivi tu: "Habari za asubuhi, mimi ni fulani, nina usaili saa tatu leo. Nipo Tazara foleni haitembei, nitachelewa kama dakika ishirini. Naomba kama inawezekana mnisogeze kwa wa mwishoni." Usianze hadithi ya konda na trafiki.

Watakuuliza unakaa wapi. Kwenye sivii andika Dar es Salaam inatosha, lakini ukiulizwa usidanganye, ukisema Tabata na unatokea Chanika siku ya kwanza kuchelewa utaumbuka. Wanachoogopa sio umbali, ni uchelewaji. Kwahiyo mjibu na mpango: natokea Kivule, saa kumi na moja na nusu nakuwa Banana, nimeshaijaribu hiyo njia nafika hapa saa moja kasoro. Hapo unakuta anaandika kitu na anaendelea na swali lingine.

Sasa sehemu ngumu ni kurudi, na hapa ndo watu wanaacha kazi ndani ya mwezi. Uliza shifti inaisha saa ngapi KWELI, na overtime ni ya lazima au hiari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kazi ya masaa hayo ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku uliyofanya. Ni haki yako idai, ila piga hesabu, kwa mshahara wa 250,000 hiyo asilimia 5 haifiki hata mia tano kwa usiku mmoja, na bodaboda ya saa tano usiku kutoka lami mpaka kwako we mwenyewe unaijua bei yake na giza lake. Kwahiyo kama shifti inaisha saa nne usiku swali lako ni moja tu, kampuni inarudisha watu? Wakisema hapana, omba shifti ya asubuhi au ya usiku kucha, ile ya kutoka kumeshakucha. Kutoka saa moja asubuhi ni salama kuliko kutoka saa nne usiku.

Jioni ya kawaida nayo ina mbinu zake. Kama ofisi ipo karibu na mwanzo wa ruti, rudi nyuma kituo kimoja viwili ugeuze nayo gari, konda wengi watakuchaji nauli mara mbili, kwa siku uliyochoka inalipa ila usiifanye kila siku maana hesabu yote niliyokuonyesha inavurugika. Kabla hujapanda uliza unafika mwisho? Wapo wanaokatisha ruti, wanawashusha Ukonga wanageuza, kwahiyo nauli ya akiba isikosekane mfukoni.

Afu mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi na nauli inaanza kesho. Hiyo ya mwezi wa kwanza itafute kabla, kopa kwa ndugu, au waulize kama wanalipa kwa wiki au wanatoa advansi, sio aibu. Wiki ile ya kwanza ulizia pia nani anaelekea upande wenu. Ukipata mwenye gari wa Kitunda au Kivule usipande lifti ya kimya kimya, panga naye hela ya mafuta kwa wiki na mkubaliane anaondoka saa ngapi, na siku akibaki overtime akuambie mapema ili uwahi daladala kabla hazijaanza kukatisha.