Kuchoma mabaki ya shamba jirani na miti ya misindano (paini)

Mufindi na Njombe, kusini mwa Tanzania, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, nyasi hukauka na majani ya misindano yaliyodondoka hushika moto upesi mno. Kama unaweza kuyafukia mabaki ya mahindi, yafukie, udongo utanufaika. Ukilazimika kuchoma, pata kwanza kibali cha serikali ya kijiji na uwaarifu majirani.

Siku chache kabla, tengeneza barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto, kuzunguka shamba: mita 10 upande wa miti, mita 5 kwingine. Kufyeka tu hakutoshi. Kwangua mpaka udongo mtupu uonekane, maana moto hutambaa kwenye takataka na mizizi. Nyasi ulizokwangua zitupe ndani ya shamba, kamwe si upande wa miti.

Washa jioni, upepo ukiwa umetulia. Anzia upande ambako upepo unaelekea, na kwenye mteremko anzia juu, ili moto urudi taratibu. Ukiwasha kutoka bondeni, moto utapanda mbio na kuruka barabara ya moto. Wawepo watu wasiopungua watano, pampu za mgongoni zilizojaa maji, majembe na matawi mabichi.

Hatari kubwa huja baadaye. Visiki na samadi kavu hufukuta usiku kucha, kisha upepo wa mchana unaofuata huviamsha. Chimbua, mwagia maji, sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu. Ukihisi joto, usiondoke. Moto ukianza kukuzidi, piga simu zimamoto, 114, mapema.