Varanasi: shusha kamera ukifika Manikarnika

Ukipanda boti alfajiri kwenye mto Ganges, mjini Varanasi, India, piga picha za ngazi, taa na maji upendavyo. Ila mkikaribia Manikarnika, panapochomwa maiti, weka kamera mfukoni. Yule kijana aliyenyolewa kipara, kajifunga shuka jeupe, anamuaga baba yake. Ule ni msiba wa watu. Akitokea mtu akakwambia umlipe ndipo upige, kataa, maana ruhusa ya wafiwa si yake kuiuza.

Sokoni ni rahisi zaidi: kutanisha viganja kifuani, msalimu unayetaka kumpiga picha kwa “namaste”, mwonyeshe kamera, kisha subiri. Akiyumbisha kichwa taratibu huku na huku, mara nyingi amekubali. Ukiwa na shaka, acha. Ukishapiga, mwonyeshe picha yake.